Kilo Nne Zilizogoma: Kisa cha Mwalimu, Tui na Sinia

Ana miaka 39, ni mwalimu wa skuli ya msingi mjini Unguja, mama wa watoto watatu, urefu wake sentimita 160. Mwaka uliopita alikuwa na kilo 76 na presha ya 142 kwa 90, na daktari akamwambia ajaribu kupunguza mwili kabla hajaanzishiwa vidonge. Akapunguza. Aliacha soda, akaacha chipsi za jioni na maandazi ya mapumziko ya skuli, akaanza kutembea, na kila alichokula akakiandika kwenye programu ya simu inayohesabu kalori. Kwa miezi sita akashuka hadi kilo 67 na presha ikarudi 124 kwa 80. Hapo mizani ikagoma. Alitaka kufika 63, uzito aliokuwa nao alipoolewa, na kwa zaidi ya miezi miwili zile kilo nne hazikusogea, ilhali kila usiku simu ilimwambia kwamba amekula chini ya kalori 1,500.

Alipokuja kwa ushauri wa lishe alibeba na daftari, maana simu peke yake hakuiamini tena. Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, na yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Kilichonisukuma ni maneno aliyokwishaambiwa kabla ya kufika kwangu: kwamba bila shaka anakula kwa siri na anajidanganya nafsi yake. Maneno hayo yalimuumiza sana, na hayakuwa kweli. Mtu huyu alikuwa akiandika hata tende moja aliyofungulia saumu ya Jumatatu.

Kabla ya kugusa chakula tuliulizana yanayopaswa kuulizwa. Tezi ya shingo ikilegea, mwili hutumia nishati kidogo na uzito huganda au hupanda; kipimo cha damu kilionesha tezi yake iko salama. Hakuwa akitumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo huwanenepesha baadhi ya wanawake, wala dawa za steroidi. Hedhi ilikuwa inakuja kwa wakati wake na usingizi haukuwa mbaya. Tukarudi kwenye hesabu.

Mtu asiyepungua wala kuongezeka kwa wiki nyingi anakula sawasawa na anachotumia. Hilo halina mjadala. Swali ni kati ya hesabu mbili, ya kinachoingia na ya kinachotoka, ipi imekosewa. Kwa Mwalimu zilikosewa zote mbili.

Ya kutoka ni fupi kuieleza. Programu nyingi hukadiria matumizi ya mwili uliotulia kwa kanuni ya Mifflin na wenzake ya mwaka 1990. Kwa mwanamke, unazidisha kilo zake kwa 10, unajumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, kisha unatoa 161. Alipokuwa na kilo 76, mwili wake uliotulia ulihitaji kama kalori 1,400 kwa siku. Akiwa na kilo 67 unahitaji kama 1,310. Ukizidisha kwa 1.4 kwa ajili ya kazi za kawaida za siku, matumizi yameshuka kutoka karibu 1,970 hadi karibu 1,840. Lengo la 1,500 liliwekwa siku ya kwanza na halikuguswa tena. Wakati ule lilimpa upungufu wa 470. Sasa linampa 340. Tena mwili uliopungua hubana matumizi kuliko kanuni inavyotabiri. Utafiti wa Leibel na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1995, ulionesha kwamba watu waliopoteza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao walitumia nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa ule mpya. Mwalimu alikuwa amepoteza karibu asilimia 12. Kwa makadirio yangu, upungufu wake halisi, hata kama angeandika kila kitu bila kosa, ulibaki kama kalori 250.

Kulikuwa na jambo jengine la kutembea. Jioni kadhaa kwa wiki alizunguka viwanja vya Maisara kwa saa nzima, na simu ikamhesabia kalori 400, ambazo ilizitoa kwenye jumla ya alichokula. Kutembea kilomita tano kwa mtu wa uzito wake hugharimu kama 250, na sehemu yake angeitumia hata akiwa amekaa barazani. Siku hizo simu ilimruhusu kula zaidi ya alichokitumia kwa kutembea. Nilimwomba aendelee kutembea, kwa ajili ya moyo na presha, lakini akizime kile kipengele cha simu kinachotoa kalori za mazoezi.

Sasa jikoni, ambako ndiko kisa kiliko.

Nilimtaka apike mchana kama kawaida yake, ila kila kinachoingia sufuriani kipite kwanza kwenye mizani ya jikoni. Siku hiyo ilikuwa wali mweupe na mchuzi wa changu wa nazi, chakula cha watu saba. Nyama ya samaki bila miba ilikuwa gramu 800, ambazo ni kama kalori 800. Mafuta ya kukaangia vitunguu na thomu yalikuwa vijiko vitatu vya kulia, na kijiko kimoja ni kalori 120, basi 360. Tungule na vitunguu tuliviwekea 150. Tui lilikamuliwa kutoka nazi mbili, gramu 500.

Hapo kwenye tui ndipo nilipoiomba simu yake. Kwa mchuzi wa namna hii alikuwa akijiandikia kalori 160 kwa sahani, na nilitaka kuona zinatoka wapi. Programu hizi zimejengwa zaidi kwa vyakula vya Marekani na Ulaya. Alipotafuta tui, simu ilimletea majina mengi yanayofanana, naye akachagua la juu. Nikalifungua. Lilikuwa kinywaji cha pakiti wanachokunywa ughaibuni wasiotumia maziwa ya ng'ombe: nazi kidogo sana ndani ya maji mengi, kalori kama 20 kwa mililita 100. Kasimile, tui la kwanza linalotoka kwenye kifumbu kabla hujarudishia maji kwenye chicha, lina kama 230 kwa gramu 100, karibu zote za mafuta. Ni zaidi ya mara kumi. Sufuria ile ya mchana, kwa tui peke yake, ilikuwa na kalori 1,150. Simu ingesema 100.

Jumla ya mchuzi ikawa karibu 2,460. Ulipoiva tulipima sufuria, tukatoa uzito wa sufuria tupu, ukabaki mchuzi wa kilo mbili, maana yake kalori 123 kwa kila gramu 100. Nikamwambia ajipakulie kama anavyokula siku zote, bila kujihini. Gramu 300 za mchuzi: kalori 370. Wali aliozoea kuuandika "kikombe kimoja, kalori 200" ulikuwa gramu 280, na wali mweupe ulioiva una kama 130 kwa gramu 100, basi 360 na ushei. Mlo mmoja ulikuwa na kalori 370 zaidi ya daftari. Upungufu wote wa siku ulimezwa pale pale, na kilichozidi kikaingia kwenye akiba.

Aliduwaa, kisha akauliza swali ambalo mwalimu mzuri wa hesabu angeuliza: kama tui lilikosewa tangu mwanzo, zile kilo tisa zilipungua vipi? Jibu lilikuwa kwenye daftari lake mwenyewe. Miezi ya mwanzo alikula vitu vinavyohesabika: boflo kipande kimoja na yai, samaki wa kuchoma, ndizi, papai, wali wa sahani yake peke yake wakati watoto wako chuoni na mume yuko kazini. Mchuzi wa nazi ulikuwa mara moja moja. Tena alikuwa ameacha soda na chipsi, na upungufu wa 470 ulikuwa mkubwa wa kutosha kuficha makosa ya kalori mia moja au mia mbili. Kadiri mtu anavyokaribia lengo, upungufu unakuwa mdogo na makosa yanabaki vile vile, mpaka yanalingana.

Na kulikuwa na tarehe moja daftarini ambayo hakuitilia maanani. Wiki ambayo mizani ilisimama ndiyo wiki mama mkwe wake alipofika kutoka Wete kuja kutibiwa macho. Nyumba ikarudi kwenye sinia. Mama, wifi, Mwalimu na binti zake wakawa wanakula pamoja mkekani, na mpishi akawa mama, ambaye mkono wake kwenye nazi si wa kubania. Mtu anayekula siniani hajui amekula kiasi gani. Unakula upande wako, upande wako ukipungua mwenzio anakusogezea, na mkubwa wa sinia akiona kipande kizuri cha samaki anakimega na kukuwekea mbele yako. "Kula mwanangu, umekwisha. Watu watasema mwanangu hakulishi." Mkwe gani atamjibu mama mkwe wake kwamba kipande hicho ni kalori tisini?

Siko tayari kumlaumu yeyote katika nyumba ile. Sinia ni adabu na ni mapenzi, na mama yule alikuwa akimpenda mkwewe kwa njia anayoijua. Mwalimu alikuwa akiandika alichoweza kukiona. Mwaka 1992 Lichtman na wenzake huko New York waliwapima watu kumi waliosema hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Miili yao ilitumia nishati kama kawaida. Walichoandika ndicho kilichokuwa pungufu ya walichokula kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi yao waliyakadiria zaidi ya ukweli kwa asilimia 51. Utafiti huu watu huutaja kuwasuta wanaotaka kupungua. Mimi nausoma kwa namna nyengine. Ikiwa watu waliokula kwenye sahani zao wenyewe, wakijua kwamba wanachunguzwa, walikosea kiasi hicho, mtu wa siniani mwenye tarakimu za pakiti ya ughaibuni atapata wapi hesabu sahihi?

Jambo lililonitia wasiwasi kuliko tui lilikuwa ni hali yake. Alikuwa akijipima asubuhi, akirudi skuli, na kabla ya kulala. Baada ya harusi moja ya Kikwajuni, biriani na kaimati, asubuhi mizani ilisoma kilo 1.6 zaidi. Siku hiyo akala kalori 800 tu, kichwa kikamuuma darasani, na usiku akajikuta amemaliza mkate wa kumimina uliobaki, akalia. Nilimwonesha kwa hesabu. Ili mafuta ya mwili yaongezeke kilo 1.6, ingebidi ale zaidi ya kalori 12,000 juu ya mahitaji yake kwa usiku mmoja, kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama 7,700. Kilichoongezeka kilikuwa maji, chumvi na chakula chenyewe kilichokuwa bado tumboni. Kila gramu ya wanga inayowekwa akiba kwenye misuli na ini hushika kama gramu tatu za maji, na biriani ni wanga na chumvi kwa pamoja. Siku za kabla ya hedhi ni vivyo hivyo. Mtu anayejipima mara tatu kwa siku anapima maji, halafu anajiadhibu kwa ajili ya maji hayo.

Alikuwa ameanza kukataa mialiko ya harusi na hitma kwa sababu ya chakula. Hilo kwangu ni dalili inayotaka kuangaliwa mapema. Mtu akianza kukimbia watu kwa sababu ya hesabu, akafidia kila mlo kwa kujinyima, akaamka na kulala na tarakimu, kupungua kwenyewe kumeshageuka tatizo. Nilimuuliza waziwazi kama hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Hapana. Kama angesema ndiyo, kisa hiki kingeishia kwa daktari wa afya ya akili na kilo nne tungeziacha.

Kisha tukalizungumza lengo lenyewe. Kwa urefu wake, mpaka wa juu wa uzito unaoitwa wa kawaida na Shirika la Afya Duniani ni karibu kilo 64. Alikuwa na 67. Kiuno chake kilikuwa sentimita 84. Kwa wanawake, hatari huanza kuhesabiwa kutoka 80 na huwa kubwa zaidi kutoka 88. Kwa hiyo kushuka kidogo kungemfaa, hasa kiunoni, lakini tarakimu 63 haikuwa na uzito wowote wa kitabibu. Ilikuwa kumbukumbu ya msichana wa miaka 24 ambaye hajazaa. Nilimwambia hivyo. Hakupenda kusikia, na nilimwelewa. Tukakubaliana kujaribu kwa miezi mitatu kwa utulivu, kisha pale atakapokuwa ndipo tupaangalie upya. Alidhani kilo nne ni kazi ya mwezi. Kwa upungufu halisi wa 250 kwa siku ni zaidi ya miezi minne, na kadiri unavyopungua ndivyo inavyozidi kuwa pole pole.

Simu tuliiweka pembeni. Badala ya kuhesabu kila kitu, alipima vitu vinne tu, ambavyo ndivyo vinavyobeba makosa: tui, mafuta, sukari na wali. Mchicha, tungule, embe moja na samaki wa kuchoma hakuna aliyewahi kukwama kwa sababu yake. Mafuta yaingie sufuriani kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Wali upakuliwe kwa bakuli lile lile kila siku, gramu 180. Samaki au kunde zisipunguzwe, kwa kuwa zinashibisha na husaidia misuli isiliwe pamoja na mafuta. Urojo, ambao aliuandika kama supu, uandikwe ulivyo: bhajia, kachori na chipsi za muhogo ni vitu vya kukaanga hata vikiogelea kwenye ukwaju, aule mara moja kwa wiki na uchukue nafasi ya mlo mzima. Mizani asubuhi tatu kwa wiki, na tusome wastani tu.

Palibaki sinia na mama. Hapa hakuna kanuni ya Mifflin. Mwalimu aliogopa kwamba akisema "napunguza unene" ataonekana anadharau mkono wa mama. Nilimshauri aseme lililo kweli zaidi: presha. Mama naye alikuwa na presha na anameza vidonge. Akalisema jioni moja wakipara nazi pamoja, na jibu alilopata hakulitarajia. "Ungesema, mwanangu. Kwani chukuchuku inanishinda?"

Basi siku nne kwa wiki nyumba ile ikala samaki wa chukuchuku, tasi au changu waliochemshwa kwa chumvi kidogo, ndimu, tungule na pilipili mbichi, bila tone la mafuta wala tui, chakula ambacho mama alikulia nacho na ambacho mjini kilikuwa kimesahauliwa kwa kuonekana cha kimaskini. Siku za nazi ikawa nazi moja badala ya mbili: tui jepesi la kuchemshia, na kasimile kidogo mwishoni kwa ladha. Hiyo peke yake ilipunguza zaidi ya kalori themanini kwa kila sahani, na wote saba wakafaidika. Mwalimu alianza kula kwenye sahani yake, lakini mkekani pale pale, sahani ikiwa imegusana na sinia. Mama alikubali kwa sharti kwamba siku ya Ijumaa warudi siniani wote. Sharti zuri, na nililiunga mkono.

Wiki mbili za mwanzo wastani haukusogea na nusura akate tamaa. Wiki ya nne ulikuwa 66.3. Mwisho wa mwezi wa tatu ulikuwa 64.9, kiuno sentimita 81, presha 120 kwa 78. Kichwa kilikuwa hakimuumi tena na harusi mbili alizokwenda alikula, akarudi nyumbani, akalala.

Kisha Ramadhani ikakaribia, na yeye mwenyewe akasema anataka kuacha kupima: mwezi ule hataki kukaa mbele ya futari akiwa na mizani. Nilikubaliana naye kwa moyo mweupe. Tulipanga mambo mawili tu, kwamba katika tambi, muhogo wa nazi, ndizi za nazi na sambusa achague viwili kwa usiku, na kwamba daku iwe na samaki au mayai ili asishinde na njaa kali. Baada ya Idd wastani wake ulikuwa 65.3.

Hajafika 63, na sasa anasema hazitafuti tena. Naona amefanya uamuzi sahihi. Kilo mbili zilizobaki zingemtaka apungukiwe kila siku kwa miezi mingine, kwa faida ambayo kipimo chochote cha presha au sukari hakitaiona, na kwa gharama ambayo tulikwishaiona usiku ule wa mkate wa kumimina. Kazi iliyobaki ni kubaki alipo, na hiyo nayo ni kazi. Atapima presha na kiuno kila mwezi. Wastani wa uzito ukipita 66, au kiuno kikirudi 83, atapima tui, mafuta, sukari na wali kwa wiki mbili, kisha aache.